Mpangaji Chini ya Mchanga

Garissa,
Jumapili, 11 Mei 2025

Mpendwa Bridget,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata wewe uliyekaa nami dawati moja. Mimi humsomea Mpangaji. Kila siku baada ya magharibi, bibi yangu akiwa bado kwenye mkeka wake wa sala, naketi kando ya beseni na kusoma. Si kwa kunong'ona. Nasoma kwa sauti ile ile baba yako, Mwalimu Kinoti, aliyokuwa akiitaka kwangu darasani, nami nikiangalia viatu vyangu mpaka amwite mtu mwingine. Mbele ya kaa huyu uliyeniachia sauti hutoka bila kukwama. Yeye hutokeza macho nje ya kombe, madogo kama vichwa vya pini, na vipapasio vyake hucheza hewani, nami hujiambia kwamba anafuata hadithi. Najua hafuati. Tafadhali usimwambie mtu.

Nimekuambia hayo ili ujue kwamba sikuandikii kwa jambo dogo. Mpangaji anaumwa.

Wiki hii nimeona vitu vinatembea juu yake. Ni vidogo kuliko chembe ya unga, vingine vyeupe, vingine kama kahawia. Nilidhani ni mchanga, mpaka nilipouona mchanga ukipanda mguu wake. Vinaingia kwenye maungo ya magando na kuzunguka macho. Niliweka kipande cha nazi kavu ulizoniachia. Asubuhi nazi ilikuwa imejaa vitu hivyo, na yeye hakuigusa. Nadhani ni utitiri, kama wa kuku. Hatembei tena. Zamani alikuwa akikwaruza beseni hata kaka yangu Sugow akatishia kumpeleka kulala na mbuzi. Sasa Sugow mwenyewe ameniuliza, "Mbona mtu wako kanyamaza?"

Bibi yangu, Ayeeyo, naye amemzoea. Mwanzoni aliniuliza kwa nini ana jina la ajabu, nikamweleza kama ulivyonieleza: kwamba lile kombe si lake, ni la konokono aliyekufa, yeye amehamia tu. Ayeeyo alifikiri, kisha akasema, "Basi ni kama sisi." Tangu tulipotoka Kotile na kupanga hapa mjini, kila kitu kwake ni kama sisi.

Niambie la kufanya. Wewe ndiye una kitabu cha kaa cha kaka yako Vincent. Simu ya Sugow ni kabambe, haina intaneti. Nilikwenda mpaka mlangoni pa saiba ya kompyuta karibu na soko, nikakuta wamejaa wanaume tu, nikapitiliza kama mtu aliyekuwa na safari ya mbele.

Uliponikabidhi ulisema ukija Agosti na baba yako utamkuta amekua. Nataka umkute. Najua shuleni kwenu simu ni marufuku, kwa hivyo nasubiri barua.

Rafiki yako,
Ruweyda Yarrow


Garissa,
Jumapili, 25 Mei 2025

Mpendwa Bridget,

Barua yako bado haijafika. Pengine yangu ndiyo haikufika, kwa hivyo naandika tena.

Mpangaji amejifukia. Nilirudi kutoka shuleni nikakuta mchanga umerundikwa pembeni mwa beseni na yeye hayuko juu. Mpaka leo hajatoka. Sijui kama anawakimbia utitiri au anatafuta mahali pa kufia. Ule mwaka wa ukame, mbuzi wa Ayeeyo waliojitenga na kwenda kulala peke yao nyuma ya kichaka hawakuamka.

Ijumaa nilijikaza nikaenda kwenye duka la dawa za mifugo, lile la Abdiwali. Nilikuwa nimekariri maneno njia nzima. Kulikuwa na wazee kwenye benchi.

"Haye, abaayo, dada yangu. Ngamia ngapi?"

"Si ngamia."

"Mbuzi?"

"Si mbuzi. Ni kaa."

"Kaa gani?"

"Wa kutoka baharini. Ana utitiri."

Wazee wote waligeuka. Abdiwali akaweka kalamu chini. "Wallahi, mimi nauza dawa hapa tangu wewe hujazaliwa. Hii kaa yako inakamuliwa lita ngapi kwa siku?"

Mzee mmoja akasema, "Muulize kwanza kama inabeba mzigo."

Walicheka mpaka nikasahau nilikosimama. Lakini Abdiwali si mtu mbaya. Alinipa chupa ya dawa ya kupe niitazame. Nilisoma karatasi yake yote pale pale, kwa sababu kusoma kulinipa kitu cha kufanya na macho yangu. Iliandikwa kwamba inaua kupe, utitiri na viroboto. Nikakumbuka ule mchoro wa Bi. Wilkister ubaoni, somo la baiolojia, ambapo kupe na kaa walikuwa kwenye tawi moja la wanyama wenye miguu ya vipingili. Nikamrudishia chupa nikasema, "Hii itamuua na yeye." Abdiwali aliacha kucheka. Alisema, "Basi sina, abaayo. Ya kumuua mgeni na kumwacha mwenye nyumba, sina."

Nilimweleza Ayeeyo. Kwake hili halina utata. Anasema zizi likiingia utitiri hulioshi wala hulitibu. Unawahamisha wanyama kwenye ardhi safi, na zizi la zamani unalichoma moto. Amehama mazizi mengi hata hawezi kuyahesabu, na kila mara wanyama walipona. "Mchanga huo umekwisha," anasema. "Utoe wote."

Nimemwambia tungoje barua yako. Anauliza Bridget amechunga nini maishani mwake.

Kila jioni bado nasoma. Nasomea mchanga.

Wako,
Ruweyda


Meru,
Jumamosi, 24 Mei 2025

Ruwe wangu,

Barua yako ya tarehe 11 nimeipata leo. Hapa barua hutolewa Jumamosi tu, na Bi. Naibu huzifungua na kuzisoma kabla yetu, kwa hivyo siri yako sasa inajulikana na watu wawili. Usizimie! Aliponipa alisema tu, "Huyu rafiki yako anaandika vizuri. Na huyo kaa amepata bahati." Halafu akaniambia nichomekee shati.

Sikiliza. Usingoje hata siku moja. Kitabu cha Vincent ninacho sandukuni, nimekisoma tena na tena. Utitiri huzaliana kwenye mchanga na kwenye chakula kilichooza. Toa mchanga wote. Osha beseni kwa maji yanayochemka, usitie sabuni. Leta mchanga mwingine wa mtoni, ukaange kwenye sufuria mpaka ukauke kabisa, uache upoe, kisha uuloweshe kwa maji ya chumvi. Tumia ile chumvi ya mawe niliyokuachia, si ya mezani. Mpangaji mwenyewe mwogeshe kwenye maji hayo hayo, mtumbukize polepole ili hewa itoke kwenye kombe, mara moja kila siku mpaka uone hakuna kinachotembea. Na chakula usikilaze usiku mzima.

Atapona, Ruwe. Vincent anasema huko Kilifi huwaona ufuoni na utitiri tele na bado wanapigana.

Huku ni baridi hata kuandika ni kazi. Wasichana wa bweni letu wananiita "Garissa" kwa sababu nalala na sweta mbili na soksi. Juzi mmoja aliniuliza kama kule kwenu nilikwenda shuleni kwa ngamia. Nikamwambia ndiyo, na nilikuwa nampaki chini ya mti.

Kuhusu Agosti, tutaona baba atasemaje.

Msalimie Ayeeyo Weris na umwambie nakumbuka chai yake ya maziwa ya ngamia.

Wako daima,
Bridget


Garissa,
Jumapili, 8 Juni 2025

Mpendwa Bridget,

Asante kwa barua yako. Nilifanya kama ulivyoandika. Beseni nililiosha kwa maji ya moto, na mchanga mpya niliukaanga kwenye sufuria ya Ayeeyo, ambaye alilalamika sana. Sasa beseni ni safi. Hakuna kinachotembea.

Mpangaji hajambo. Anakula nazi.

Tuna mitihani wiki hii kwa hivyo sina mengi. Ayeeyo anakusalimu. Mkija Agosti, mtakuja tarehe gani?

Ruweyda


Meru,
Jumamosi, 14 Juni 2025

Ruwe,

Bweni letu lilipiga kelele baada ya kengele na tukanyimwa barua zote hadi leo. Barua yako ya tarehe 25 Mei nimeipata saa hii, naisoma nimesimama nje ya ofisi. Inasema Mpangaji amejifukia.

Usitoe mchanga. Sahau yote niliyokuambia. Usitoe mchanga, usichimbe, usimtafute.

Hakujifukia ili afe. Anajivua gamba. Ningekuambia tangu siku ya kwanza, lakini nilidhani nitakuwepo itakapotokea. Kaa hakui pamoja na gamba lake, kwa sababu gamba ni gumu, halinyooki. Kwa hivyo hushuka chini ya mchanga wenye unyevu, huko akalivua lote na kukaa laini kabisa, bila nguvu hata za kutembea, mpaka gamba jipya ligande. Huchukua wiki nyingi, pengine hata miezi miwili. Ukimgusa wakati huo unaweza kumuua. Kazi yako ni kuuweka mchanga uwe na unyevu, basi.

Na kuna jambo jingine ambalo ni muhimu kuliko yote. Lile gamba la zamani hutoka zima: miguu yote, magando, vipapasio, hata vifuniko vya macho. Ukiliona utadhani ni yeye, amekufa nje ya kombe lake. Mimi mara ya kwanza nililia mpaka Vincent akaja mbio kutoka jikoni. Kumbe ni nguo tu alizovua. Mwenyewe yumo ndani ya kombe, chini. Na mara nyingi utitiri hubaki kwenye zile nguo, Ruwe. Pengine alikuwa anajitibu mwenyewe.

Nahesabu siku barua inazotumia njiani na naona jinsi zilivyopishana. Ulipokea ile yangu ya "usingoje hata siku moja" wakati yeye yuko chini. Nimemwomba Bi. Naibu simu nipige hata dakika moja. Amesema sheria ni sheria, na kwamba kaa si dharura. Baadaye alinikuta nalia nyuma ya maktaba akanipa leso yake, lakini simu hakunipa.

Nakuambia na hili kwa sababu sijui kama nitapata tena ujasiri. Hatutakuja Agosti. Baba amehamishwa kabisa; barua ya uhamisho ilikuja Machi, nami niliiona juu ya meza. Walimu wengi wa Meru waliokuwa Garissa wameomba kuondoka na yeye aliomba pamoja nao. Pale langoni ulikuwa umelibeba beseni kwa mikono miwili kama trei ya mayai, nikashindwa kusema. Nikasema Agosti.

Nilikuambia nakuachia Mpangaji kwa sababu baridi ya Meru itamuua. Hiyo ni kweli. Lakini wewe humwandikii mtu bila sababu, Ruwe, hata salamu unaona ni kumsumbua. Nilijua ukiwa naye utaniandikia.

Niambie hukutoa mchanga.

Bridget


Garissa,
Jumapili, 22 Juni 2025

Mpendwa Bridget,

Barua yako ilifika Alhamisi. Mpangaji hali nazi. Nilikuandikia hivyo kwa sababu sikuweza kuandika kwamba amekufa, na pia niliogopa kwamba akifa hutakuwa na haja ya kuja. Sasa nitakueleza ilivyokuwa.

Jumamosi ile baada ya kupata barua yako ya kwanza, nilianza kutoa mchanga kwa sahani, polepole, nikitafuta kombe. Sahani ya pili ilikuja naye. Alikuwa nje ya kombe, amelala ubavu, miguu imekunjwa. Gando lake kubwa la zambarau lilikuwepo, na macho. Nilimweka kiganjani. Alikuwa mwepesi kama ganda la karanga. Nilifikiri maji yote yamemtoka kwa ugonjwa, ndiyo maana ni mwepesi.

Ayeeyo alikuja akamtazama. Aliniita "ayeeyo", kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu wao, akasema, "Ayeeyo, amekwisha. Hukumfanyia ubaya. Zizi ndilo lilikuwa bovu."

Sugow alisema, "Sasa tumswalie?" Halafu aliuona uso wangu, akaacha mzaha.

Sikuweza kuendelea na sahani. Bado kulikuwa na mchanga mwingi na kombe lilikuwa huko chini, lakini sikutaka kuliona tupu. Ayeeyo alitaka vyote vichomwe, kama wanavyochoma zizi. Nilimsihi asichome. Basi Sugow alilibeba beseni mpaka nyuma ya ua, chini ya mti wa mathenge, akalipindua. Mchanga ulikuwa na unyevu, ukasimama na umbo la beseni, kama ugali uliopakuliwa. Yeye, nilivyodhani ni yeye, nilimfunga kwenye jani na kumzika karibu na tanki la maji. Niliweka jiwe.

Kumbe nilizika nguo zake.

Barua yako niliisoma nimesimama barabarani, sikungoja kufika nyumbani. Kisha nilikimbia. Watu waliniangalia; sijawahi kukimbia barabarani tangu nikiwa mdogo. Mchanga bado upo pale. Upande mmoja mbuzi wameukanyaga na umemomonyoka, na juu umepasuka kwa jua, na kuna majivu ya jikoni yaliyomwagwa. Lakini upande wa uani ni mweusi kwa maji. Ayeeyo hutawadha pale, juu ya jiwe, kwa sababu hapendi maji ya udhu yapotee bure. Anasema acha mti unywe. Mara tano kwa siku maji yamekuwa yakipita chini ya ule mchanga. Si ya chumvi. Lakini ni maji.

Niliingiza kidole kidogo tu. Ndani kuna unyevu. Nikakitoa haraka.

Sugow alikuja na koleo. "Nichimbe tuone?"

"Hapana."

"Sasa utajuaje kama yuko hai?"

"Sitajua."

"Na kama amekufa?"

"Sitajua pia."

Alisimama pale na koleo lake. Alisema, "Abaayo, hii ni kazi ngumu kuliko kuchimba," akaondoka.

Nimefikiri kila njia, Bridget. Nikichimba na yuko hai, nitamuua. Nisipochimba, pengine namwagilia kombe tupu. Pengine alivunjika siku Sugow alipopindua beseni. Pengine mbuzi alimkanyaga, au wale korongo wakubwa wa jalalani walimtoa zamani, maana huja hadi uani wakati mwingine na hawaachi kitu. Nimekisoma kitabu chote cha baiolojia cha maktaba yetu. Kaa ana nusu ukurasa, na inahusu jinsi anavyopumua. Hakuna mtu wa kumuuliza. Nilimuuliza Ayeeyo, aliyehama mazizi yote yale, kama kuna mnyama aliyewahi kumwacha nyuma bila kujua. Alisema, "Mtu akishahama harudi kuangalia."

Usijilaumu kwa ile barua. Maneno yako yalikuwa sahihi siku uliyoyaandika.

Kuhusu Agosti sijui niseme nini. Nimesoma ukurasa ule mara nyingi kuliko ule wa kaa. Sikukasirika. Nilipita karibu na nyumba yenu, kuna watu wengine sasa, wameanika nguo za watoto. Ulisema kweli kwamba siandiki bila sababu. Sina uhakika kama sababu yangu bado ipo chini ya mchanga au haipo. Naandika hata hivyo.

Sasa nitakuambia nilichofanya, halafu nitamaliza.

Alhamisi hiyo hiyo nilipasha msumari moto nikatoboa matundu kwenye lile beseni. Nilipima chumvi ya mawe kama ulivyonifundisha, nikaitia kwenye birika la udhu la Ayeeyo lenye maji yaliyolala, nikayamwaga polepole juu ya mchanga, upande ule mkavu, mpaka nyufa zikazibika. Nikaufunika mchanga kwa beseni na kuweka mawe juu ili mbuzi wasilisukume. Sugow alileta matawi ya miiba bila kuombwa, akayazungushia kama zizi. Ayeeyo aliling'oa jiwe lake na kulisogeza karibu zaidi.

Baada ya magharibi nilichukua kitabu cha fasihi nikaenda kukaa kule nyuma. Pale ua ni mfupi na watu wanapita njiani. Nilianza kusoma kwa sauti. Wanawake wawili waliobeba maziwa walisimama kuangalia, na neno likanikwama, nikalingoja, likatoka. Walipita. Nilisoma mpaka herufi zikawa hazionekani. Nikamwaga maji yaliyobaki kwenye birika, nikaingia ndani kuwasha moto wa chakula cha jioni.

Wako,
Ruweyda